Rimu za GT86: ipi ununue, ipi uiache dukani

Geuza rimu ya kiwandani ya Toyota GT86 uitazame mgongoni. Utakuta imepigwa vipimo: 17x7J na 48. Inchi 17 ni kipenyo, 7 ni upana, na 48 ndiyo ofseti, au ET, kwa milimita. Wanunuzi wengi huangalia namba mbili za mwanzo na rangi. Ile ya tatu huikumbuka siku tairi linapoanza kula madigadi.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nilichukua rimu za upana wa inchi 9.5 zenye ET 22 kwa sababu kwenye picha zilikaa vizuri, na muuzaji akaniambia zinaingia bila shida. Ziliingia kweli. Nati zikishika uzi, rimu imeingia, hilo si jambo. Jambo lilianza kwenye tuta la kwanza nikiwa na mzigo nyuma: mlio kama wa msumeno, na nilipoinama nikaona mpira umechongwa na kujiviringa kwenye ukingo wa madigadi kama maganda ya penseli. Matairi yenyewe hayakuwa yamemaliza wiki mbili.

Tangu siku hiyo naanzia kwenye tairi. Naamua kwanza tairi gani nalitaka, upana wa rimu unafuata tairi, na ofseti inatoka kwenye hesabu na kipimo cha mkononi. Hapa natumia GT86 kama mfano. Mapacha wake, Subaru BRZ na GR86, wana habu ileile (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), ila GR86 hutoka na rimu ya inchi 7.5. Ukiwa na gari jingine, badilisha namba tu. Hesabu ni ileile.

Hesabu yenyewe

ET ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Herufi zinatoka Kijerumani, Einpresstiefe. Inapowachanganya watu ni hapa: ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. ET ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea shokabu.

Upana nao hugawanywa pande zote mbili. Kutoka inchi 7 hadi 9 umeongeza inchi mbili, moja ndani na moja nje, yaani milimita 25.4 kila upande. Sasa tuseme rimu mpya ni 17x9 ET 42. Ofseti imeshuka kwa milimita 6, kwa hiyo nje unaongeza 6 na ndani unapunguza 6. Ukingo wa nje umesogea milimita 31.4, wa ndani 19.4. Kwa zile zangu za 9.5 ET 22, nje zilisogea karibu milimita 58. Ningekaa na kalamu dakika mbili nisingezinunua.

Ukishapata namba mbili hizo, nenda kwenye gari. Simamisha rula ndefu wima ikigusa ukingo wa madigadi, pima nafasi iliyopo hadi ubavu wa tairi. Ingiza mkono ndani, pima kati ya tairi na shokabu. Kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, angalia plastiki ya ndani ya madigadi. Nafasi ikibaki chini ya milimita 5 upande wa shokabu, mimi siendelei. Na kumbuka tairi jipya pia ni pana kuliko la zamani, na 225 (upana wa tairi kwa milimita) ya kampuni moja inaweza kuvimba kuliko 225 ya kampuni nyingine.

Ya kwanza kwangu: 17x8, ET 40 hadi 45, tairi 225/45R17

Najua wapo watakaoguna. Lakini GT86 ya kwanza ina injini ya lita 2.0 yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 205, na ilitoka kiwandani na Michelin Primacy za 215, tairi la safari tulivu, si la mashindano. Gari lilitengenezwa licheze. Ukilivisha matairi mapana na mazito unaongeza mshiko, sawa, lakini unaua ule wepesi uliokufanya ulinunue.

Kwa 17x8 ET 44, nje inasogea milimita 16.7 na ndani 8.7. Hukunji madigadi, hugusi shokabu, alaimenti inabaki ya kawaida. Kipenyo kinapanda kutoka milimita 625 hadi 634, asilimia 1.4 tu, spidomita haitalalamika. Saizi ya 225/45R17, yaani upana milimita 225, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17, ni ya kawaida mno, kwa hiyo unachagua mpira unaoutaka badala ya kuchukua uliopo. Weka fedha yako kwenye mpira mzuri. Tairi bora la 225 litalishinda la hovyo la 255 kila kona, na kwenye mvua halina mjadala.

Ya pili: 17x9, ET 42 hadi 45, tairi 245/40R17

Hii ni ya anayekwenda kwenye kiwanja cha mbio kweli, si wa kupaki. Kipenyo kinatofautiana na cha kiwandani kwa milimita 2.5 tu, na 245 inakaa kwenye inchi 9 bila kuvutwa wala kuvimba. Shida iko mbele, upande wa shokabu, ambako zile milimita 19 za ndani zinauma.

Hapo ndipo kemba, yaani mlalo wa gurudumu likitazamwa kwa mbele, inapoingia, na ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kila digrii moja ya kemba hasi (juu ya gurudumu kulalia ndani) huvuta kichwa cha tairi ndani kwa milimita tano hivi, unapata nafasi ya madigadi. Lakini inategemea umeipata vipi. Ukitumia bolti za kemba pale shokabu inapofungwa kwenye mkono wa gurudumu, unalilaza gurudumu kuelekea shokabu, na nafasi ya ndani inaliwa. Ukitumia sahani za kemba juu, shokabu na gurudumu vinalala pamoja, nafasi ya ndani haibadiliki. Mwenye bolti atahitaji ET ya chini kuliko mwenye sahani, ingawa magari ni yaleyale.

Ya tatu: 18x8.5, ET 42, tairi 225/40R18

Inapendeza, sibishi. Inajaza madigadi na bado haihitaji kukata kitu. Ila umenunua inchi moja ya chuma na kupoteza ukuta wa tairi, na upana wa mpira ni uleule wa namba moja. Shimo likikukuta usiku, rimu ndiyo italipa. Kama umefunga breki kubwa ambazo haziingii kwenye 17, hapo nakubali.

Ya nne: 18x9.5, ET 38, tairi 255/35R18

Nje milimita 41.75, ndani 21.75. Kukunja ukingo wa madigadi ya nyuma ni lazima, kemba mbele ishuke hadi digrii mbili au zaidi, na usukani utakuwa mzito. Kwa mwenye injini iliyoongezewa turbo au supachaja, ina maana. Kwa injini ya kiwandani ni koti la baba kwa mtoto.

Ya mwisho: spesa kwenye rimu ya kiwandani

Spesa ni bamba linalowekwa kati ya habu na rimu. Ya milimita 20 inaigeuza ET 48 kuwa 28. Gurudumu limetoka nje, mpira ni uleule 215, mshiko ni uleule. Umebadilisha sura tu. Na kadiri tairi linavyotoka nje, sehemu inayogusa barabara inaachana na mstari ambao gurudumu huzungukia usukani ukikatwa: kila bonde na mstari wa barabara unauhisi mikononi, na beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Spesa nyembamba ya milimita 3 au 5 kwa ajili ya kuikwepa shokabu naielewa, mradi nati bado zinashika uzi wa kutosha. Matairi ya kuvutwa, 205 kwenye inchi 9.5, siyapangi hata nafasi ya mwisho.

Kabla hujalipa

GT86 imeandikwa Toyota ila habu ni ya Subaru: PCD 5x100 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100), tundu la katikati milimita 56.1, stadi (bolti za habu zinazoshika nati) za M12x1.25. Ukinunua nati za Toyota ya kawaida, M12x1.5, utaharibu stadi moja baada ya nyingine ukidhani kwamba ni ngumu tu. Rimu nyingi za madukani zina tundu kubwa zaidi ya 56.1, chukua ringi za kuziba hiyo nafasi, la sivyo utatetemeka kwenye kasi na fundi atakulipisha balansi mara tatu bure. Angalia pia kiti cha nati. Rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni ya digrii 60, na nati za mviringo zilizotoka na gari jingine hazishiki hapo hata ukaze vipi.

Breki kubwa nazo hazisomi ET. Rimu mbili za 17x9 ET 42 zinaweza kutofautiana kabisa jinsi spoki zilivyopinda. Moja ikapita juu ya kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki), nyingine ikaikwaruza. Omba kiolezo cha kalipa, kichape kwenye karatasi ngumu, kiingize kwenye rimu kabla ya kutoa pesa.

Kwenye tairi soma namba ya mzigo: 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, 87 ni kilo 545. Usishuke chini ya ile ya kiwandani kwa sababu tu tairi pana linaonekana na nguvu.

Kuhusu utengenezaji, rimu ya kufuliwa kwa mgandamizo (forged) ndiyo nyepesi na ngumu. TE37 ya RAYS, iliyotoka 1996, ilipewa hiyo 37 kwa sababu rimu yake ya inchi 15 ilikuwa na uzito wa kilo 3.7. Katikati kuna za kumiminwa kisha pipa lake kuvutwa kwa roli, kama RPF1 ya Enkei, na kwa matumizi ya watu wengi hapo panatosha. Tafuta mihuri ya JWL na VIA, alama za Kijapani za ubora wa rimu, mgongoni. Iguse kwa kidole: kwenye nakala za bei ya kutupa, maandishi mara nyingi ni stika, na kucha inaing'oa.

Rimu iliyotumika iweke kwenye mashine ya balansi bila tairi na uizungushe taratibu, macho yako yakiwa kwenye ukingo wa ndani. Nje hupakwa rangi ikang'aa. Pigo la shimo hujificha ndani. Ukingo ukipanda na kushuka, mrudishie mwenyewe.