Mwongozo wa kununua michoro ya gemu: leseni zipi zitangulie, zipi ziachwe

Mtu anayetengeneza gemu kwa mapenzi, usiku baada ya kazi na bila kampuni ya kumtegemeza, mara nyingi huwa anajua kuandika msimbo lakini hana mkono wa kuchora. Siku anapohitaji picha ya mhusika, vigae vya ardhi, mlio wa mlango au fonti ya menyu, humlazimu kuingia sokoni, na humo hupata kitu ambacho kwa macho ni picha lakini kwa sheria ni ruhusa. Picha yenyewe hubaki mali ya aliyeichora. Kinachofika mkononi mwa mnunuzi ni leseni, yaani maneno yanayosema afanye nini nayo na asifanye nini. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne, ulioasisiwa mwaka 1886 na unaofuatwa leo na nchi nyingi za dunia, hakimiliki huanza pale kazi inapotungwa, pasipo kusajiliwa popote. Kwa hiyo picha iliyowekwa mtandaoni bila neno lolote la leseni si ya bure: ni picha ambayo hujapewa ruhusa yoyote juu yake, na haimo kabisa katika orodha hii.

Sikupanga nafasi zifuatazo kwa uzuri wa michoro wala kwa bei. Nimezipanga kwa swali moja: miaka kadhaa baadaye, gemu hii ikitaka kuuzwa, kuhamishiwa kwenye simu, au kutolewa pamoja na msimbo wake wote kama programu huria, je, michoro iliyomo itaifuata au itaizuia? Watengenezaji wa aina yetu hubadili nia mara kwa mara. Gemu iliyoanzishwa kama zoezi la wiki mbili hupata wachezaji, wachezaji huomba sura ya pili, na mtu aliyeapa kwamba hatauza kamwe hujikuta akijaza fomu za duka.

Nafasi ya kwanza naipa michoro iliyotolewa kwa CC0. Hati hii ilitangazwa na shirika la Creative Commons mwaka 2009, na kwayo mtunzi huachia haki zake zote kwa kadiri sheria inavyomruhusu; pale ambapo sheria ya nchi fulani haimruhusu kuziachia, hati hiyo hiyo humpa kila mtu leseni pana isiyo na masharti. Unaweza kuibadilisha picha, kuiuza ndani ya gemu, na kuiweka katika hifadhi ya msimbo iliyo wazi kwa umma bila kumtaja mtu. Michoro ya Kenney, maumbo ya pande tatu ya Quaternius, na picha za nyuso za vitu kutoka Poly Haven na ambientCG zote hutolewa kwa utaratibu huu, na ubora wake unatosha kuibeba gemu nzima. Kenney pia huuza kifurushi kimoja kikubwa chenye kazi zake nyingi. Anayekinunua halipii ruhusa, kwa sababu ruhusa anayo tayari. Analipia urahisi wa kupata vyote kwa pamoja, na anamwezesha mchoraji kuendelea. Kwangu hayo ni matumizi mazuri kuliko yote yaliyomo katika mwongozo huu.

Udhaifu wa CC0 ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba michoro hiyo imetumiwa na wengi, na mchezaji aliyezoea huitambua mara moja. Dawa yake ni kubadili rangi, kuongeza mistari na kuchanganya vipande hadi ipate sura yako, jambo ambalo leseni inaliruhusu kikamilifu. Wa pili ni mzito zaidi: CC0 haigusi alama za biashara wala haki za mtu aliyeonyeshwa pichani, na haiwezi kusafisha picha iliyopakiwa na mtu asiyeimiliki. Ukikuta mhusika anayefanana na wa gemu maarufu akiwa na maandishi ya CC0 pembeni, mwache. Angalia kazi nyingine za aliyepakia, uone kama mkono ni mmoja.

Nafasi ya pili ni ya CC BY, leseni nyingine ya Creative Commons, na ndugu yake OGA-BY. CC BY hukuruhusu karibu kila kitu, biashara ikiwemo, kwa sharti la kumtaja mtunzi. Katika toleo la 4.0, lililotoka Novemba 2013, unatakiwa kuandika jina la mtunzi kama alivyolitoa, kuweka kiungo cha leseni, na kusema kama umeibadilisha kazi yake. Toleo la 3.0 lilidai pia jina la kazi yenyewe iwapo limetolewa, kwa hiyo nambari ya toleo si jambo la kupuuzwa. Toleo la 4.0 lina huruma moja ambayo yaliyotangulia hayakuwa nayo: ukikiuka sharti unapoteza ruhusa, lakini ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua, ruhusa hurudi yenyewe.

Ugumu wa CC BY haumo katika sheria, umo katika kumbukumbu. Niliwahi kufikia hatua ya kuitoa gemu nikiwa na folda ya picha zaidi ya mia mbili, nusu yake zikiwa na majina niliyojibunia mwenyewe kama «mti_mpya» na «ukuta3», na sikuweza kukumbuka zilitoka kwa nani. Nilitumia majuma mawili kuzitafuta moja moja, na zile nilizoshindwa kuzitambua nilizitupa, ingawa baadhi ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote. Tangu hapo nina kanuni ambayo sijaivunja: faili haiingii katika mradi kabla mstari wake haujaandikwa katika faili ya maandishi iliyo kando yake, ukiwa na jina la faili, jina la mtunzi, kiungo cha ukurasa, leseni pamoja na toleo lake, tarehe niliyoipakua, na mabadiliko niliyoyafanya. Siku ya kutoa gemu, ukurasa wa majina huwa umeshajiandika.

Kuna kifungu cha CC BY ambacho wengi hawakisomi, nacho ni kile kinachokataza kuifunga kazi kwa vizuizi vya kiteknolojia vinavyomnyima mpokeaji haki alizopewa na leseni. Maduka ya simu na ya mashine za michezo hutumia kufuli za namna hiyo. Ndiyo sababu tovuti ya OpenGameArt, iliyoanza mwaka 2009, iliandaa leseni ya OGA-BY, ambayo kwa maana ni CC BY iliyoondolewa kifungu hicho. Ukilenga maduka hayo, chagua OGA-BY pale inapopatikana. Isipopatikana, mwandikie mtunzi umwombe ruhusa ya ziada na uyahifadhi majibu yake. Ombi la heshima, linaloeleza gemu yenyewe na mahali itakapotolewa, lina nafasi nzuri ya kukubaliwa.

Nafasi ya tatu ni vifurushi vinavyouzwa madukani, kama vile Unity Asset Store, Fab na itch.io. Hapa ndipo fedha nyingi hutumika na ndipo maneno husomwa kidogo. Jina la Kiingereza linalotumiwa sana na wauzaji, «royalty-free», hufanya mtu adhani kwamba kitu ni cha bure, ilhali maana yake ni kwamba ukishalipa mara moja hulipi tena kwa kila nakala ya gemu unayouza. Leseni ya kawaida ya maduka haya hukuruhusu kuiweka picha ndani ya gemu iliyokamilika, na hukukataza kuisambaza picha hiyo peke yake kwa namna ambayo mwingine ataichukua na kuitumia. Kwa mtengenezaji anayefunga msimbo wake, sharti hilo halimsumbui. Kwa mpenzi wa programu huria ni ukuta, kwa sababu kuiweka picha iliyonunuliwa katika hifadhi ya wazi ni kuisambaza. Njia ninayoipendekeza ni kutenganisha: msimbo ukae wazi ukiwa na picha za muda za CC0, na michoro iliyonunuliwa ikae katika hifadhi ya faragha inayounganishwa tu wakati wa kuijenga gemu ya kuuzwa. Kazi hiyo ifanywe mwanzoni. Historia ya hifadhi ya msimbo huweka kumbukumbu ya kila faili iliyowahi kuingia, na kuifuta picha leo hakuiondoi katika historia ya jana.

Maduka hayafanani. Fab, iliyofunguliwa na Epic Games mwezi Oktoba 2024, ina ngazi mbili za leseni yake ya kawaida, ya binafsi na ya kitaalamu, na mpaka baina yake ni mapato ya dola 100,000 za Marekani katika miezi 12 iliyopita. Mtengenezaji wa usiku hutosheka na ngazi ya binafsi. Katika itch.io kila muuzaji hujiandikia masharti yake mwenyewe, wengine kwa ukurasa mzima, wengine kwa sentensi moja. Sentensi moja iliyo wazi inafaa. Isiyo wazi isinunuliwe hadi muuzaji ajibu swali lako. Kwa vyovyote vile, hifadhi nakala ya ukurasa wa masharti pamoja na stakabadhi siku ile ile ya kununua, maana ukurasa hubadilishwa na muuzaji huweza kuondoka. Vifurushi vikubwa vya bei ya punguzo huvutia, lakini kila kitu kilichomo kinaweza kuwa na masharti yake.

Kumwagiza mchoraji akuchoree nimekuweka katika nafasi ya nne kwa sababu ya gharama tu, kwani hakuna njia nyingine inayoipa gemu uso wake yenyewe. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba aliyelipa ndiye mwenye hakimiliki. Katika nchi nyingi mchoraji wa kujitegemea hubaki kuwa mwenye haki hadi azihamishe kwa maandishi, na malipo peke yake hayazihamishi. Kwa hiyo kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, andikeni kama unanunua haki zote au ruhusa ya kutumia. Kama ruhusa ni yako peke yako au mchoraji anaweza kuwauzia wengine. Kama unaweza kubadilisha kazi na kuitumia katika gemu ya pili. Na kama utapewa faili zenye matabaka yanayoharirika. Ukikusudia kuitoa michoro hiyo baadaye chini ya leseni huria, mwambie sasa, kwa sababu jambo hilo lina bei yake na ni haki yake kuipanga.

CC BY-SA na GPL, leseni ya programu huria, zinakuja nafasi ya tano kwa gemu iliyofungwa, lakini kwa gemu ambayo tangu mwanzo ni huria ningezipandisha hadi ya pili. Zote mbili zinadai kwamba kazi uliyoitengeneza kutokana nazo itolewe kwa masharti yale yale, na humo ndimo nguvu zake zilimo: hazina ya michoro hukua badala ya kumezwa. Shindano la Liberated Pixel Cup la mwaka 2012, lililoandaliwa na Creative Commons, Free Software Foundation na OpenGameArt, lilizaa mtindo mmoja wa wahusika na vigae chini ya CC BY-SA 3.0 na GPL toleo la 3, na wachoraji wameendelea kuuongeza tangu wakati huo. Gemu ya 0 A.D. hutoa michoro yake kwa CC BY-SA na msimbo wake kwa GPL. Tangu Oktoba 2015, kazi ya CC BY-SA 4.0 inaweza kuingizwa katika mradi wa GPL toleo la 3, ila njia hiyo ni ya upande mmoja na hairudi. Kumbuka pia kwamba GPL inadai chanzo katika umbo linalofaa zaidi kuhariri. Kwa picha, hiyo ni faili yenye matabaka na si ile iliyobanwa. Tena GPL huweza kugongana na masharti ya maduka ya simu: mwezi Januari 2011 programu ya kuchezea video ya VLC iliondolewa katika duka la Apple kwa sababu hiyo.

Leseni za Creative Commons zenye herufi NC au ND nazishauri ziachwe. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na ni nadra sana picha kuingia katika gemu bila kukatwa wala kupakwa rangi upya. NC inakataza matumizi yanayolenga faida ya kibiashara, na tangazo dogo chini ya skrini linatosha kukuingiza katika swali hilo. Isitoshe, miongozo ya programu huria ya Debian, mfumo endeshi wa kompyuta, haikubali kizuizi cha aina hiyo, kwa hiyo gemu yenye mlio mmoja wa NC haiwezi kuingia katika sehemu kuu ya mfumo huo. Tovuti ya sauti ya Freesound ina sauti nyingi za CC0 na CC BY; weka kichujio cha leseni kabla ya kusikiliza, ili usiipende sauti usiyoweza kuitumia.

Picha zilizozalishwa na akili bandia nisingelipia. Mwezi Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kwamba picha za namna hiyo katika kitabu kimoja cha katuni hazina ulinzi, ingawa maandishi na mpangilio wa kitabu vilikuwa nao. Unalipia kitu ambacho pengine huwezi kumzuia mwingine kukinakili, na tangu Januari 2024 duka la gemu la Steam humtaka mtengenezaji aeleze kama gemu yake ina maudhui ya aina hiyo.

Fonti hazihitaji maneno mengi: tafuta zilizotolewa kwa SIL Open Font License, ambayo huruhusu kuiweka fonti ndani ya gemu inayouzwa mradi fonti isiuzwe peke yake. Kwa msimbo, Creative Commons wenyewe hawashauri leseni zao zitumike; chukua MIT, Apache 2.0 au GPL. Godot, injini ya kutengenezea gemu, kwa mfano, iko chini ya MIT, na sharti lake ni kwamba maandishi ya leseni yake yafuatane na gemu yako. Ukitoa kazi yako mwenyewe, weka faili ya leseni katika folda ya msimbo na nyingine katika folda ya michoro, kila moja ikitaja inahusu nini, ili atakayeichukua asije akabahatisha.