Kupima moyo baada ya mshtuko wa moyo: mashine ya kutembea au dripu ya dobutamini, dawa ya kuharakisha moyo?

Kama miguu inakubali, mimi naegemea mashine ya kutembea. Mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani, mkanda unaanza taratibu, kisha kila baada ya dakika 3 mwendo na mwinuko vinaongezwa. Daktari haangalii mistari ya umeme wa moyo peke yake. Presha ikishuka badala ya kupanda wakati mtu anatembea, hiyo ni dalili mbaya. Na anayeishiwa nguvu mapema kabisa yuko hatarini zaidi kuliko anayemaliza vipindi kadhaa vya dakika 3. Hilo la nguvu za mwili, dawa haiwezi kukuonyesha.

Dobutamini huingia kwa dripu, ikiongezwa kidogo kidogo hadi moyo uende mbio huku mgonjwa amelala, na ultrasaundi ikionyesha ukuta upi wa moyo unakaza kwa shida. Inamfaa mwenye magoti mabovu au aliyepooza, na hata yule ambaye mistari yake ya umeme ilishaharibika tangu mwanzo, haisomeki vizuri. Tena hufichua msuli uliolala lakini bado uko hai.

Ila anayeumwa kifua hata akiwa ametulia asipimwe kwa njia yoyote kati ya hizi. Huyo atibiwe kwanza.