Uzoefu wangu: Garmin aera 660 ikiendesha otopailoti ya TruTrak kwenye RV-9A

Habari wakuu. Kuna swali naulizwa kila nikikutana na watu wa ndege hizi za kujijengea, eti ile GPS ya mkononi inaweza kweli kuendesha otopailoti (mashine inayoiongoza ndege yenyewe) au mpaka ununue yale madude ya bei mbaya ya kufungwa kwenye bodi ya ala mbele ya rubani? Inaweza, na kwa mtu anayeruka VFR, yaani kwa kuangalia nje kwa macho, inafanya kazi nzuri sana, mimi nimeshaizoea kiasi kwamba safari ndefu bila hiyo naiona mzigo. Ila kuna vitu vyake ndo maana naandika.

Ndege yangu ni RV-9A, viti viwili, injini Lycoming O-320, naipaki Arlington huku kaskazini mwa Seattle. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyeijenga mwenyewe gereji kwake. Hapa Marekani ndege za hivi zinasajiliwa kama experimental, yaani za majaribio, na uzuri wake ni kwamba unaruhusiwa kufunga otopailoti ambayo haina zile hati za ndege za kiwandani, kazi ya kufunga unafanya mwenyewe, unaandika kwenye logibuku, halafu kila mwaka fundi mwenye leseni anakagua ndege nzima. Otopailoti ilikuwemo tayari, TruTrak Digiflight II VS, kampuni yenyewe ilishanunuliwa na BendixKing mwaka 2019 lakini mashine hizi bado zimejaa kwenye ndege za watu na zinadunda vizuri tu. GPS iliyokuwa inailisha ndo ilikuwa imechoka, skrini inafifia, basi nikachukua aera 660, GPS ya mkononi ya Garmin.

Kwenye waya, watu wanaogopa bure. GPS inaongea kwa siriali ya RS-232, yaani data inapita kwenye waya biti moja moja, otopailoti kazi yake ni kusikiliza tu, kwa hiyo unachohitaji ni waya wa kutuma kutoka GPS uingie kwenye pini ya kupokea ya otopailoti, na graundi (waya wa hasi) ya pamoja. Basi. Nyaya mbili. Hiyo graundi usiipuuze, maana RS-232 inapima volti kwa kulinganisha na graundi, kama vifaa viwili havina graundi moja utapata data inayokuja na kupotea na utahangaika sana kumtafuta mchawi. Mimi nimetumia waya wa shildi (wenye ganda la chuma la kuzuia mwingiliano) wa geji 22, shildi nimeifunga graundi upande mmoja tu. Na rangi za nyaya msizifuate kwa mazoea, kila kebo na kitabu chake, fungua ukurasa wa mchoro wa pini usome.

Sasa kitu nachompendekezea kila mtu: kabla hujaunganisha otopailoti, chukua laptopu na adapta ya USB kwenda siriali, mwambie GPS akuongelee wewe kwanza. Unafungua programu ya terminali, unaweka baudi (kasi ya kutuma data) sawa na iliyoko kwenye menyu ya GPS, unaitoa ndege nje ya hanga ione anga. Ukiwa umechagua NMEA, ile fomati ya kawaida ya data za GPS, utaona mistari inashuka kila sekunde, unaoanza na $GPRMC ndo una saa, latitudo, longitudo, kasi na uelekeo. Angalia herufi iliyokaa baada ya saa, ikiwa A maana yake GPS imeshajua ilipo, ikiwa V bado inatafuta setelaiti. Ukiona takataka badala ya maandishi, baudi haziendani. NMEA ya kawaida kwenye vitabu ni 4800 lakini aera ina chaguo la NMEA linalotoka kwa 9600, kwa hiyo usidhani. Kuna na ile fomati ya Aviation ya Garmin, nayo 9600, inabeba mambo yale yale kwa mpangilio wake. Otopailoti yako inataka ipi, kitabu chake kitakwambia, halafu pande zote mbili ziwe sawa, hakuna ujanja mwingine.

Mstari mwingine wa kuangalia ni $GPRMB. Huu ndo una habari za njia: unaenda pointi gani, iko umbali gani, na umetoka nje ya mstari kwa kiasi gani, kulia au kushoto. Hujaweka safari kwenye GPS, huo mstari hauna kitu. Ndo maana kuna watu wanalalamika otopailoti yao inashika uelekeo lakini haifuati njia, wanadhani imeharibika, kumbe GPS haijaambiwa inaenda wapi! Weka kwanza safari kwenye aera, hata Direct-To moja tu (nenda moja kwa moja pointi fulani), halafu ndo ubonyeze modi ya NAV, ile ya kufuata njia, kwenye otopailoti.

Jingine ambalo kwa sisi wa huku linaonekana wazi kuliko sehemu nyingi ni tofauti ya kaskazini halisi na kaskazini ya sumaku. Seattle tofauti ni kama nyuzi 15 mashariki, sio kidogo. Uelekeo ulioko ndani ya ule mstari wa $GPRMC ni wa kaskazini halisi, na ile tofauti inatumwa pembeni kwenye mstari huo huo, kwa hiyo ukisoma 180 kwenye laptopu na 165 kwenye skrini ya GPS usianze kufungua bodi, viko sawa kabisa. Na kumbuka GPS inajua ndege inakotembelea, haijui pua inaangalia wapi, upepo wa pembeni ukivuma dira itasoma kingine. Mimi hiki ndo nakipenda kuliko vyote, otopailoti inafidia upepo yenyewe, unaruka kusini kuelekea Aurora kule Oregon, Mlima Rainier na futi zake zaidi ya 14,000 umekaa kushoto, unaangalia ule mstari wa zambarau kwenye skrini na kandege kamelala juu yake hakatoki.

Sasa udhaifu wake. Kwa siriali, GPS inaiambia otopailoti mstari uko wapi, haiiambii ilaze mabawa kiasi gani. Ukifika pointi ya kugeuka, GPS inahamia mstari mpya, otopailoti inajikuta iko nje ndo inaanza kuutafuta. Fikirieni mko kilomita 280 kwa saa, mnageuka nyuzi 3 kwa sekunde, nusu kipenyo cha hilo duara ni kama kilomita moja na nusu. Kona ya nyuzi 10 au 20 huoni kitu, ila kona ya 90 inapitiliza kwa nje halafu inarudi taratibu, abiria asiyejua anaweza kukuuliza vipi. Karibu na mipaka ya anga inayodhibitiwa ya Seattle hiyo kilomita ina maana, kwa hiyo kona kubwa mimi nageuza kwa kitufe mwenyewe mapema, nikishakaribia mstari mpya narudisha NAV. Wenye GPS za kufungwa kwenye bodi kama GTN 650 hawana shida hii, zile zinatuma kwa ARINC 429 (mfumo wa data wa vifaa vya ndege) amri yenyewe ya kulaza mabawa, zinaanza kugeuka kabla ya pointi na kona inatoka safi. Kama unaruka IFR, yaani kwa kutegemea ala hata ndani ya mawingu, chukua hiyo, usihangaike na hii ya mkononi kabisa, haijaidhinishwa kwa kazi hiyo. Kama ni VFR kama mimi, hela ya tofauti iweke kwenye mafuta.

Kilichonisumbua kweli kilikuwa redio. Kila nikibonyeza kuongea na mnara, stiki inatikisika na bawa la kulia linashuka kidogo, ukiachia linarudi. Kwenye GPS hakukuwa na shida, data ilikuwa inaingia vizuri. Kumbe yule aliyejenga alipitisha kebo ya antena ya redio bega kwa bega na nyaya za sevo (mota za otopailoti zinazosukuma stiki), zimefungwa pamoja na zip tai moja ndefu kwa unadhifu, na kiunganishi cha antena kimelegea. Nimetenganisha, kebo ya antena ikapita upande wake, nimeweka kiunganishi kipya, ikaisha pale pale. Kwa hiyo ukiona otopailoti inashtuka unapoongea, anza na antena kabla hujailaumu GPS.

Kimo cha kuruka msichanganye, GPS hii haigusi. Kupanda na kushuka otopailoti inatumia presha ya hewa ya nje inayoletwa na mpira wa statiki, na ule mpira ukivuja itakuwa inatafuta futi juu chini safari nzima.

aera yenyewe naipenda, skrini inaonekana juani, inagusika hata angani kukiwa na misukosuko ukiegemeza kidole pembeni, na ina betri yake, kwa hiyo umeme wa ndege ukikata bado ramani unayo japo otopailoti imelala. Breka ya otopailoti (swichi ya kukata umeme wake) nimeiweka pale mkono unapofika bila kuinama. Na kila mara kabla ya kuruka naiwasha nikiwa bado chini, nashika stiki naishinda nguvu kulia na kushoto mpaka niridhike sevo inaachia, nabonyeza kitufe cha kuizima, nacheki aileroni (vile vibawa vya kulaza ndege) ziko huru, ndo naomba kuingia ranwei.