Jardin du Luxembourg, Paris: nenda ukakae kitini

Jina lisikupoteze: bustani hii iko Paris, imezunguka kasri la Seneti ya Ufaransa. Malkia Marie de Médicis aliianzisha mwaka 1612. Leo kuingia ni bure. Kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, treni ya RER B inakufikisha kituo cha Luxembourg, ubavuni mwa bustani. Sanduku la magurudumu liache hotelini kwanza. Njia za ndani ni changarawe na vumbi jeupe, na viatu vyeusi vitakoma.

Mwenye mkeka wa kutandika ataudhika. Sehemu kubwa ya nyasi haikanyagwi, na mlinzi hachelewi kupuliza filimbi. Watu hukaa kwenye viti vya chuma vya kijani, vya bure, unavyoviburuta utakako. Viko vya aina tatu: visivyo na mikono, vyenye mikono, na vifupi vya kujilaza. Hivyo vya kujilaza ndivyo vinavyogombewa. Siku ya jua, ukifika mchana umechelewa. Ukikipata, kipeleke chini ya miti kando ya Chemchemi ya Médicis, penye kivuli na mlio wa maji. Kwenye ukingo wa bwawa la pembe nane jua litakupiga utosini.

Bwawa hilo ni la watoto. Wanakodishiwa vidau vya tanga pamoja na kijiti cha kusukumia. Mota hakuna, kwa hiyo upepo ukilala kidau hukwama katikati na mtoto hulia. Uwanja wa michezo nao una kiingilio chake.

Wa pwani watafurahia makasha ya mbao yenye mitende na midanzi. Lakini hutolewa nje Mei tu, na Oktoba hurudishwa ndani kwa sababu ya baridi, hivyo wa Januari hayaoni. Kusini-magharibi kuna miti ya matofaa na mapeasi iliyokunjwa matawi kwa ustadi, matunda yamevikwa vifuko kuzuia wadudu. Wengi hawafiki huko, na hasara ni yao.

Saa hufuata majira: hufunguliwa kati ya 1:30 na 2:15 asubuhi, hufungwa kati ya 10:30 jioni na 3:30 usiku. Filimbi za kufunga zikianza, elekea mashariki mapema, la sivyo utatolewa lango la upande wa pili na treni utaizungukia kwa miguu.