Mizani ya jikoni ya shilingi 22,000 kutoka Mwanjelwa

Mizani hii nimekaa nayo miezi minne, na haipiti wiki bila kupima keki tano au sita hapa kwangu Uyole, Mbeya. Ni ile bapa yenye kioo juu, mwisho kilo 5, inasoma gramu moja moja. Kijana wa dukani aliniruhusu niijaribu kabla ya kulipa. Kikapuni nilikuwa na pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Ikasoma 504 pamoja na mfuko wake. Nikatoa hela.

Kilichonisukuma ni keki ya kipaimara ya mtoto wa jirani. Wifi yangu wa Iringa alinitumia mapishi: unga vikombe vitatu. Nikachota kwa kikombe changu cha chai, nikalundika. Keki ikatoka kavu, imepasuka katikati, na mama mtoto akaipokea kwa upole ulioniumiza kuliko angenigombeza.

Jioni ya siku niliyonunua mizani nilichukua kikombe cha kupimia cha ml 250 na unga wa ngano wa mfuko mmoja. Nikachekecha, nikatia kwa kijiko, nikakwangua juu kwa kisu: gramu 122. Nikachota moja kwa moja mfukoni: 146. Nikashindilia: 167. Kikombe ni kilekile! Kwa vikombe vitatu tofauti inafika gramu 135, yaani zaidi ya kikombe kizima cha unga uliochekechwa. Sukari kikombe hicho ilitoa 211, mchele wa Kyela 207. Wifi alipokuja Mbeya nikamwambia, "Wifi, chota kama unavyochota kwako, usinionee haya." Vitatu vyake vikasoma 372. Namba hiyo nimeibandika mlangoni mwa kabati, na keki yake sasa inatoka kama ya kwake.

Ninachokipenda zaidi ni kitufe cha T. Unaweka bakuli, unabonyeza, inarudi sifuri. Unatia unga, unabonyeza tena, unatia sukari humohumo. Vyombo vya kuosha vimepungua.

Ila kuna mambo ya kuangalia. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii inapima mpaka mafuta," akanionyesha alama ya ml. Si kweli. Yenyewe inajua uzito tu, na inachukulia kila kitu ni maji, gramu 1 kwa ml 1. Mafuta ya alizeti ni mepesi: ml 200 zina gramu 184 hivi. Ukimimina mpaka isome 200, umezidisha zaidi ya kijiko kikubwa kimoja, na keki inakaa na unyevu wa mafuta chini. Asali ni nzito, hivyo hapo utatia pungufu. Maji na maziwa hayana shida.

Vitu vidogo nayo haiviwezi. Nilinyunyizia hamira taratibu, ikabaki sifuri, kisha ghafla ikaruka 4. Hamira na baking pauda bado napima kwa kijiko cha chai, nakikwangua.

Linalonikera hasa ni kuzima yenyewe ukichelewa dakika mbili. Ikiwaka tena inalihesabu bakuli na vyote vilivyomo kuwa sifuri, na hesabu yako imepotea. Kwa hiyo kalamu na daftari viko pembeni, na kila namba naiandika kabla sijageuka kuchukua mayai.