Esbjörn Svensson Trio: albamu baada ya albamu

Nimezisikiliza albamu za Esbjörn Svensson Trio, bendi ya Uswidi iliyoanza mwaka 1993, kwa kufuata miaka zilipotoka, na kwa maoni yangu aliyeigeuza sauti yao zaidi si mpiga piano aliyeipa bendi jina, bali mpiga besi, Dan Berglund.

"Winter in Venice" ya 1997 bado ni jazi iliyozoeleka: piano inaongoza, besi na ngoma zinaisindikiza. Imepigwa kwa ustadi, ila sina hamu ya kuirudia mara kwa mara. Katika "From Gagarin's Point of View" ya 1999, mpiga ngoma Magnus Öström anaingiza midundo ya kasi inayokaribiana na muziki wa kielektroniki, hasa kwenye kibao cha "Dodge the Dodo", ingawa wimbo uliobeba jina la albamu ni mtulivu kabisa.

Katika "Seven Days of Falling" ya 2003, Berglund anaikwaruza sauti ya besi yake kwa vifaa vya umeme hadi mtu akadhani yupo mpiga gitaa la roki, ilhali bendi haina gitaa lolote. "Viaticum" ya 2005 ni nzito na ya huzuni. Naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Kilele, kwangu mimi, ni "Tuesday Wonderland" ya 2006, ambayo kibao chake cha kwanza kinaanza kwa piano ya upole, kisha besi na ngoma zinavamia kwa kishindo, zinanyamaza, na upole ule unaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Spika ya simu haiwezi kabisa kuibeba albamu hii.

"Leucocyte" ilitoka mwaka 2008, miezi michache baada ya Svensson kufariki katika ajali ya kupiga mbizi karibu na Stockholm akiwa na umri wa miaka 44. Wengi huisikiliza kama kwaheri, jambo ambalo naona linaipunja, kwa kuwa ilirekodiwa Sydney mwaka 2007, wanamuziki hao wakibuni papo hapo vipande virefu vyenye kelele na mikwaruzo, kimojawapo kikifuatwa na dakika nzima ya ukimya. Asiyewajua asianzie hapo. Aanze na ile ya 2003. Albamu ya "301" ya mwaka 2012, iliyotokana na kazi hiyo hiyo ya Sydney, inamfaa tu yule ambaye "Leucocyte" haikumchosha.