Uzoefu wangu Sopot: mji wa tiba kando ya bahari ya Baltiki

Kutoka Gdańsk, kaskazini mwa Poland, treni ya mjini inakufikisha Sopot kwa dakika 20 hivi. Ukishuka stesheni, barabara ya Monte Cassino, wenyeji wanaiita Monciak, inateremka moja kwa moja hadi ufukweni.

Wageni wengi wanafuata gati, na wana haki. Ni la mbao, lina urefu wa mita 511.5, na hakuna la mbao refu kuliko hilo Ulaya. Kiangazi kuna kiingilio, na mchana mnasongamana mpaka inakera. Nenda alfajiri.

Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni cha bure. Bustanini, karibu na ufukwe, kuna kinara chenye umbo la uyoga. Maji ya chumvi yanayovutwa kutoka chini kabisa ardhini yanakichuruzikia na kutoa manyunyu mepesi. Wazee wanakizunguka wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, wanavuta pumzi taratibu, hakuna anayeongea kwa sauti. Nami nikakaa. Muda si mrefu midomo ikawa na ladha ya chumvi, na pua iliyokuwa imeziba tangu kwenye ndege ikazibuka. Sidai kuwa inaponya ugonjwa wowote, ila nilirudi tena na tena.

Chumvi hiyo ina maana kubwa hapa, kwa sababu bahari yenyewe haina chumvi ya kutosha: takriban gramu 7 tu kwa lita, wakati bahari kuu zina 35. Tena ni baridi hata Julai!

Mji ulikua kwa tiba ya kuoga maji ya bahari. Daktari Jean Georg Haffner, aliyewahi kutumikia jeshi la Napoleon, alijenga nyumba ya kuogea mwaka 1823, Sopot ikiwa bado kijiji. Reli ikaja 1870, hadhi ya mji ikafuata 1901. Grand Hotel ilifunguliwa 1927, enzi za Mji Huru wa Danzig, dola ndogo iliyobeba jina la Kijerumani la Gdańsk. Baada ya 1945 Sopot ikawa ya Poland.

Krzywy Domek, lile jengo lililopinda, piga picha upite. Opera Leśna, jukwaa la msituni tangu 1909, inastahili jioni nzima kukiwa na onyesho.

Usije kwa siku moja ukarudi Gdańsk, lala hapa. Hoteli za ufukweni zina bei kali Julai na Agosti, kwa hiyo tafuta chumba upande wa pili wa reli. Baharini unafika kwa miguu bila taabu.